Makanisa na biashara ya haki

Biashara ya haki ni mfumo wa biashara unaolenga kuhakikisha kwamba wakulima wadogo na mafundi wa nchi zinazoendelea wanalipwa bei inayotosha kufidia gharama za uzalishaji na kuwaachia riziki ya kuishi kwa heshima. Makanisa ya Kikristo yalikuwa kati ya waanzilishi wa mfumo huo baada ya Vita vikuu vya pili vya dunia, na mpaka leo ni kati ya wateja, wakopeshaji na watetezi wake.

Mchango huo una sura mbili. Katika Ulaya na Amerika Kaskazini waumini ni hasa wanunuzi wa kahawa, chai, sukari, kakao na mchele. Katika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini waumini wengi ni wakulima wenyewe, hivyo makanisa husaidia upande wa pili wa mizani: vyama vya ushirika, mikopo, elimu na vipimo halali sokoni.

Utendaji wa biashara ya haki

Biashara ya haki si sadaka. Mnunuzi halipi ili kumwonea mkulima huruma, bali anakubali masharti yanayompunguzia mkulima hatari ambazo kwa kawaida huzibeba peke yake. Katika mfumo wenye nembo ya Fairtrade, masharti makuu ni manne.

La kwanza ni bei ya kima cha chini. Bei ya soko la dunia ikishuka chini ya kima hicho, mnunuzi hulipa kima. Ikipanda juu yake, hulipa bei ya soko. Tangu Agosti 2023, kima cha kahawa ya arabika iliyooshwa ni dola za Marekani 1.80 kwa ratili moja (gramu 454), yaani takriban dola 238 kwa gunia la kilo 60. Bei hiyo huhesabiwa bandarini, kahawa ikiwa tayari kupakiwa melini. Kabla fedha hazijamfikia mkulima, hukatwa gharama za kukoboa, kusafirisha na kuendesha chama.

La pili ni malipo ya nyongeza kwa ajili ya jamii. Kwa kahawa ni senti 20 za dola kwa kila ratili, ambazo kati yake angalau senti 5 hutumika kuinua tija na ubora. Fedha hizo huingia katika mfuko wa ushirika, na mkutano mkuu wa wanachama huamua matumizi yake, kwa mfano madarasa, zahanati, miche mipya au mitambo ya kumenya kahawa.

La tatu ni malipo ya awali. Chama kikiomba, mnunuzi wa kahawa anatakiwa kutoa au kurahisisha upatikanaji wa hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla ya mzigo kusafirishwa. Sharti hilo lina uzito mkubwa kwa sababu mkulima huvuna mara moja kwa mwaka, lakini karo, dawa na chakula havisubiri msimu.

La nne ni kwamba wakulima wadogo wawe katika chama kinachoendeshwa kidemokrasia, bila kumbagua mwanachama kwa jinsia, kabila au dini. Kazi ya kulazimishwa na ajira mbaya za watoto zimepigwa marufuku.

Msingi katika Biblia na mafundisho ya Kanisa

Biblia inazungumzia mara nyingi haki katika kununua na kuuza. Kitabu cha Walawi (19:35-36) na Kumbukumbu la Torati (25:13-16) vinadai mizani na vipimo vya kweli. Nabii Amosi (8:4-6) anawakemea wafanyabiashara wa nafaka waliopunguza kipimo, wakapandisha bei na kuwanunua maskini. Katika Agano Jipya, Waraka wa Yakobo (5:4) unawaonya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao.

Katika Kanisa Katoliki, Papa Leo XIII alifundisha katika hati Rerum Novarum (1891) kwamba mapatano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, ikiwa mmoja wao amekubali kwa sababu ya dhiki tu. Mwaka 1967, Papa Paulo VI katika hati Populorum Progressio alitumia hoja hiyohiyo kwa biashara kati ya mataifa: uhuru wa kubadilishana bidhaa huleta haki pale tu wahusika wasipotofautiana mno kwa nguvu. Mwaka 2009, Papa Benedikto XVI katika hati Caritas in Veritate alihimiza njia mpya za kuuza mazao ya maeneo maskini ili wazalishaji wapate malipo ya kufaa. Aliweka pia masharti: soko liwe wazi, wazalishaji wapate ujuzi na teknolojia, si nyongeza ya fedha tu, na biashara hiyo isiwe mateka wa itikadi za vyama.

Upande wa Waprotestanti na Waorthodoksi, mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika Uppsala, Sweden, mwaka 1968 ulijadili kwa kina pengo kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Mojawapo ya matunda ya mjadala huo ni mfuko wa mikopo unaoelezwa hapa chini.

Historia

Kazi za mikono

Mwaka 1946 Edna Ruth Byler, mfanyakazi wa kujitolea wa kamati ya misaada ya Wamenoni nchini Marekani, alitembelea Puerto Rico akawakuta wanawake waliodarizi vitambaa vizuri lakini hawakuwa na soko. Alianza kuviuza kwa majirani na wanawake wa makanisa ya Pennsylvania, akivibeba katika gari lake. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika la Ten Thousand Villages. Mwaka 1949 Kanisa la Brethren lilianzisha SERRV, lililouza kazi za mikono za wakimbizi wa Ulaya walioathiriwa na vita.

Nchini Uholanzi, vijana Wakatoliki wa mji wa Kerkrade walianzisha mwaka 1959 shirika lililoagiza bidhaa kutoka nchi maskini. Mwaka 1969 duka la kwanza la aina hiyo lilifunguliwa Breukelen, na mfano wake ukaenea katika nchi za jirani. Wauzaji wengi walikuwa watu wa kujitolea, na meza za bidhaa ziliwekwa milangoni pa makanisa baada ya ibada.

Ujerumani, jumuiya za vijana wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki ziliungana mwaka 1970 katika kampeni ya biashara na nchi za Dunia ya Tatu. Mwaka 1975 ilianzishwa kampuni ya GEPA, inayomilikiwa na mashirika ya makanisa yote mawili, likiwemo shirika la Kikatoliki Misereor. GEPA imekuwa mojawapo ya kampuni kubwa za biashara ya haki barani Ulaya.

Kahawa na nembo ya kwanza

Kuanzia miaka ya 1970 mazao ya shambani, hasa kahawa, yalichukua nafasi ya kazi za mikono. Mabadiliko makubwa yalitokea jimboni Oaxaca, Mexico, ambako padri Mholanzi Frans van der Hoff aliishi na kulima pamoja na wakulima wa makabila ya wenyeji. Wakulima hao walitegemea walanguzi, waliowaita coyote, jina la mnyama wa porini anayefanana na mbweha. Mlanguzi ndiye aliyekuwa na gari, mizani na habari za bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima waliunda chama chao, UCIRI, ili kuuza kahawa moja kwa moja.

Van der Hoff alishirikiana na Nico Roozen wa Solidaridad, shirika la kiekumene la Uholanzi. Msimamo wa wakulima ulikuwa kwamba bei ya kufaa ingewasaidia kuliko misaada ya kila mwaka. Tatizo lilikuwa wingi: maduka ya watu wa kujitolea yaliuza kahawa kidogo mno. Suluhisho lilikuwa nembo ambayo kampuni yoyote ingeweza kuitumia ikitimiza masharti, ili kahawa hiyo ipatikane katika maduka ya kawaida. Nembo ya Max Havelaar ilizinduliwa Uholanzi tarehe 15 Novemba 1988. Jina lake lilitokana na riwaya ya mwaka 1860 ya mwandishi Multatuli, iliyofichua dhuluma dhidi ya wakulima wa Java chini ya ukoloni wa Kiholanzi.

Miezi michache baadaye, Julai 1989, mfumo wa migawo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Mwaka 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili katika soko la New York, wakati mnunuzi wa Fairtrade alilipa dola 1.26 ikiwa pamoja na nyongeza. Kwa gunia la kilo 60, tofauti hiyo ilizidi dola 100.

Uingereza

Mwaka 1979 ilianzishwa Traidcraft, kampuni ya Kikristo ya kaskazini mwa Uingereza. Ilitegemea maelfu ya wauzaji wa kujitolea katika makanisa. Mwaka 1991 ilishiriki na mashirika mengine kuanzisha Cafédirect, ambayo kahawa yake ya mwanzo iliuzwa katika kumbi za makanisa na maduka ya hisani kabla ya kuingia katika maduka makubwa.

Mwaka 1992 mashirika ya CAFOD la Wakatoliki na Christian Aid la makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa kati ya waanzilishi wa Fairtrade Foundation, pamoja na Oxfam, Traidcraft na World Development Movement. Bidhaa za kwanza zenye nembo hiyo zilitoka mwaka 1994. Christian Aid ilikuwa pia kati ya wanahisa wa kwanza wa kampuni ya chokoleti ya Divine, iliyoanzishwa mwaka 1998. Humo ushirika wa wakulima wa kakao wa Ghana, Kuapa Kokoo, ulipata hisa na viti katika bodi, jambo ambalo ni nadra kwa wakulima wa zao hilo.

Mwaka 2000 mji mdogo wa Garstang, Lancashire, ulijitangaza kuwa mji wa kwanza wa biashara ya haki duniani, baada ya makanisa, shule na maduka ya mji huo kukubali kutumia au kuuza bidhaa hizo. Wales ilitangazwa nchi ya biashara ya haki mwaka 2008, na Uskoti mwaka 2013.

Namna makanisa yanavyosaidia

Kununua

Njia iliyo rahisi ni kubadilisha bidhaa ambazo kanisa linanunua tayari. Nchini Uingereza, parokia au usharika unaotaka kutambuliwa kuwa kanisa la biashara ya haki huahidi kutumia chai na kahawa yenye nembo baada ya ibada na katika mikutano, kuendelea na bidhaa nyingine kama sukari na biskuti, na kueleza waumini sababu za uamuzi huo. Maelfu ya makanisa yametoa ahadi hiyo. Baadhi hutumia hata divai ya Ekaristi iliyonunuliwa kwa masharti hayo.

Ununuzi wa kanisa moja ni mdogo. Kilo 60 za kahawa mbichi zikikaangwa hubaki takriban kilo 50, zinazotosha vikombe zaidi ya elfu tano. Kanisa linalotumia kiasi hicho kwa mwaka huchangia takriban dola 26 tu katika mfuko wa jamii wa ushirika. Nguvu ya makanisa imo katika mambo mawili: wingi wao na uthabiti wa oda zao. Mteja anayeagiza kila mwaka, bei ikiwa juu au chini, humwezesha msimamizi wa ushirika kupanga msimu ujao. Ndiyo sababu oda za shule, hospitali na vyuo vya makanisa zina uzito kuliko kikombe cha Jumapili.

Mfano mwingine ni matawi ya Jumapili ya Matawi. Tangu mwaka 2005, mradi ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota umeyauzia makanisa ya Marekani matawi ya mitende midogo kutoka misitu ya Mexico na Guatemala. Wavunaji hulipwa kwa ubora wa matawi badala ya wingi, hivyo hawakati mengi yatakayotupwa, na jamii zao hupata nyongeza ya senti 5 kwa kila tawi.

Kuuza

Makanisa mengine huuza mazao badala ya kuyatumia tu. Nchini Uskoti, shirika lililojulikana kwa jina la JTS limekuwa likiagiza mchele wa Kilombero kutoka kwa wakulima wadogo wa Karonga, kaskazini mwa Malawi. Mchele huo una jina la bonde la Kilombero nchini Tanzania. Makanisa na shule hualikwa kuuza mifuko 90 ya kilo moja moja. Hesabu ya msingi ni kwamba mauzo ya kilo 90 humpatia mkulima kipato cha kumsomesha mtoto mmoja mwaka mmoja katika shule ya sekondari. Mpango huo humwonyesha mnunuzi uhusiano kati ya uzito wa mchele na karo, jambo ambalo nembo peke yake haliwezi kueleza.

Kukopesha

Mara nyingi mkulima hupoteza bei kwa kukosa fedha taslimu wakati wa mavuno, hata pale soko lilipo. Kwa hiyo makanisa yameanzisha vyombo vya mikopo. Oikocredit, yenye makao makuu Amersfoort, Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1975 kutokana na wazo lililotolewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Makanisa na watu binafsi huweka fedha humo wakikubali gawio dogo, na fedha hizo hukopeshwa kwa vyama vya ushirika na taasisi ndogo za fedha. Nchini Uingereza, Shared Interest, iliyoanzishwa Newcastle mwaka 1990, hukusanya akiba za watu wa kawaida, wakiwemo waumini wengi, na kuzikopesha kwa wanaofanya biashara ya haki.

Kuelimisha na kutetea

Mahubiri, mafundisho ya watoto na wiki maalumu za biashara ya haki huwaeleza waumini safari ya zao kutoka shambani hadi mezani. Makanisa mengi yamekwenda mbali zaidi, yakidai mabadiliko ya sheria za biashara ya kimataifa, kama vile ushuru unaotoza zaidi bidhaa iliyosindikwa kuliko zao ghafi, na ruzuku za nchi tajiri zinazoshusha bei za mazao duniani. Christian Aid na CAFOD zilishiriki katika kampeni hizo kupitia muungano wa Trade Justice Movement ulioanzishwa mwaka 2000.

Afrika Mashariki

Kahawa na ushirika

Uhusiano wa makanisa na wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki ni wa zamani kuliko biashara ya haki yenyewe. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda arabika katika misheni ya Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, na shirika hilohilo liliipanda nchini Kenya, kwanza Bura katika milima ya Taita. Huko Kagera, kinyume chake, Wahaya walikuwa na kahawa ya robusta muda mrefu kabla ya wamisionari. Waliitafuna na kuitumia katika ukarimu na katika kufunga undugu wa damu.

Wachagga walianza kujipanga wenyewe mwaka 1925 katika Kilimanjaro Native Planters' Association, ambayo nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1933 na chama kikuu cha KNCU. Soko la kahawa nchini Tanzania lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, vyama vikuu vilipoteza mazao mengi. KNCU na chama kikuu cha Kagera, KCU, vilikuwa tayari vimeingia katika biashara ya haki, na wanunuzi wa mfumo huo waliendelea kuwa nao. KCU ilitumia sehemu ya mapato ya nyongeza kununua hisa katika kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA mjini Bukoba. Kwa njia hiyo wakulima walipata umiliki katika usindikaji, hatua ambayo kwa kawaida hufanyika nje ya nchi.

Umuhimu wa malipo ya awali unaonekana wazi Kagera, ambako kuna desturi inayoitwa butura. Mkulima mwenye shida humwuzia mkopeshaji kahawa ikali mtini, pengine ikiwa bado ni maua, kwa bei ndogo sana. Mavuno yakifika, zao si lake tena, na hata bei nzuri ya ushirika haimfikii. Serikali imekuwa ikipiga vita butura, lakini marufuku peke yake haiondoi shida iliyomsukuma mkulima. Vikundi vya akiba na mikopo, vikiwemo vile vinavyokutana katika parokia, sharika na jumuiya ndogondogo, humpa mahali pengine pa kukopa.

Ushirika wa dini tatu

Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, J. J. Keki, kiongozi wa Wayahudi wa Kiganda wanaoitwa Abayudaya, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa Mirembe Kawomera. Jina hilo linamaanisha "amani tamu". Wanachama wake ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na mnunuzi wao wa kwanza alikuwa kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California. Mfano huo unaonyesha kwamba kanisa si lazima liwe mmiliki wa ushirika ili waumini wake wafaidike.

Lumbesa na soko la ndani

Wakulima wengi wa Afrika Mashariki hawauzi nje ya nchi. Mazao yao ni viazi, mahindi, vitunguu na mpunga, ambayo hayana nembo. Kwao haki huanza kwenye kipimo. Nchini Tanzania, lumbesa ni gunia linalojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilele juu, lakini likalipwa kama gunia moja. Katika maonyo ya Amosi muuzaji alipunguza kipimo. Katika lumbesa mnunuzi hukiongeza. Matokeo ni yaleyale: hasara humwangukia aliye dhaifu. Sheria ya Vipimo (Sura ya 340) inakataza ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo una jukumu la kuusimamia. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi.

Sheria hizo huvunjwa kwa urahisi pale ambapo mkulima anauza peke yake, kando ya barabara, na mizani ni ya mnunuzi. Kanisa la kijijini lina uwezo wa kusaidia bila mtaji mkubwa: kuwa na mizani iliyokaguliwa, kutoa ukumbi kwa ajili ya mikutano ya ushirika, kutangaza bei za soko la mjini, au kutoa ghala kavu ili wakulima wasilazimike kuuza wiki ya mavuno. Wachungaji, mapadri na makatekista husikilizwa na pande zote mbili, kwani mkulima na mchuuzi mara nyingi husali katika kanisa moja.

Kanisa lenyewe linaweza kuwa mnunuzi na mwajiri. Seminari, shule za bweni na hospitali za makanisa hununua tani nyingi za mahindi, maharage na mchele. Zikinunua kutoka kwa ushirika wa jirani, kwa uzito halisi na kwa malipo ya wakati, hutekeleza nyumbani yale yanayodaiwa kwa wanunuzi wa Ulaya. Makanisa na mashirika ya kitawa yenye mashamba yanakabiliwa na swali hilohilo kuhusu ujira wa vibarua wao.

Mipaka na lawama

Biashara ya haki imekosolewa kwa sababu mbalimbali, na baadhi zinayahusu makanisa moja kwa moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba ushirika ulioidhinishwa hauna hakika ya kuuza mazao yake yote kwa masharti hayo. Sehemu inayobaki huuzwa kwa bei ya kawaida, huku gharama za ukaguzi zikilipwa zote. Kwa hiyo kinachokosekana mara nyingi si vyama vyenye cheti, bali wanunuzi.

Sababu ya pili ni vibarua. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS, London, walitoa ripoti kuhusu Ethiopia na Uganda iliyoonyesha kwamba wafanyakazi wa kulipwa katika maeneo yenye vyama vya Fairtrade mara nyingi walipata ujira mdogo kuliko wa maeneo mengine yaliyolinganishwa. Fairtrade ilipinga namna ulinganisho ulivyofanywa, lakini ripoti hiyo ilikumbusha kwamba chini ya mkulima mdogo yuko maskini zaidi yake, asiye na shamba wala kura katika mkutano mkuu.

Sababu ya tatu inahusu nyakati za bei kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili. Katika hali hiyo kima cha chini hakina kazi, na wanachama hushawishika kumwuzia mnunuzi binafsi mwenye fedha mkononi, hata kama ushirika umekwisha kusaini mkataba. Hapo mikopo ya haraka huwa muhimu kuliko kima chenyewe.

Hatimaye, mafanikio ya nembo yamepunguza nafasi ya makanisa. Bidhaa zilipoanza kupatikana katika kila duka kubwa, meza za kanisani zilipungukiwa na wateja. Ushindani huo ulikuwa kati ya matatizo ya Traidcraft, ambayo iliwekwa chini ya mfilisi Januari 2023 baada ya zaidi ya miaka 40. Shirika la hisani lililotokana nayo, Transform Trade, liliendelea. Kwa makanisa mengi swali la sasa si kama bidhaa zenye nembo zinapatikana, bali ni kazi gani imebaki ambayo duka kubwa halitaifanya: kukopesha kabla ya mavuno, kuagiza hata msimu mbaya, na kuwatetea wale ambao mazao yao hayana nembo.

Tazama pia

Biashara huria
Chama cha ushirika
Kahawa
Kilimo nchini Tanzania
Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii
Ujamaa